Kabla Uitishe Kompyuta Mpya, Acha Kuhesabu Mbuzi Mmoja Mmoja

Watu wangu wa Garissa, leo niko na maneno. Kompyuta ikichelewa kidogo tu, utasikia wimbo ni ule ule: "Hii mashine imezeeka, tafuta ingine." Ukiuliza pesa iko wapi, kimya. Mimi naona tunalaumu chuma bure. Mara nyingi shida ni kazi isiyo na maana ambayo hicho chuma kinafanyishwa, na kazi hiyo inaweza kupunguzwa bila kutoa hata shilingi.

Chukua mfano wangu. Mimi huhariri video. Kompyuta yangu ni ya mtumba na inatumia Linux, lakini programu ninayohariria haina toleo la Linux. Kwa hivyo ndani ya Linux nawasha mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendesha Windows ndani ya kompyuta halisi. Video inataka kadi ya michoro, na hapo ndipo kasheshe huanza.

Kwa kawaida mashine pepe haigusi kadi halisi. Inapewa kadi ya kuigiza, na kila ombi linapitia programu iliyokaa katikati. Fikiria soko letu la mifugo: mnunuzi haongei na mwenye ngamia, dalali ndiye anabeba maneno huku na huku, na kila safari ina gharama yake. Linux ina njia ya kumwondoa huyo dalali. Inaitwa VFIO, na iliingia mwaka 2012 kwenye toleo la 3.6 la kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayogawa kumbukumbu na vifaa. VFIO inakabidhi kadi halisi kwa mashine pepe, waongee wenyewe.

Lakini huwezi kumtoa dalali halafu uache soko bila ua. Kadi ya michoro inaweza kuandika kwenye kumbukumbu bila kupitia prosesa. Ikiachwa huru, itakanyaga data ya wengine. Ua wenyewe unaitwa IOMMU, na kazi yake ni kuhakikisha kadi inagusa tu kumbukumbu ya mashine pepe iliyokabidhiwa.

Sasa sikiza hapa. Kabla mashine pepe iwake, kerneli inaandikisha kumbukumbu yake yote kwenye huo ua, na kuifunga mahali pamoja isihamishwe, kwa sababu kadi inaweza kuandika popote wakati wowote. Kipande cha kawaida cha kumbukumbu ni KB 4. Ukiipa mashine pepe GB 16, hivyo ni vipande 4,194,304. Ni kama kusimama mlangoni pa zizi ukihesabu mbuzi mmoja mmoja mpaka milioni nne. Ndiyo maana skrini inabaki nyeusi, na wewe unaanza kutukana kompyuta.

Kumbe kuna vipande vikubwa vya MB 2. Kumbukumbu ile ile ikitengwa kwa vipande hivyo, unabaki na makundi 8,192. Mbuzi ni wale wale, zizi ni lile lile. Kichekesho ni kwamba hata ukishapanga makundi, kerneli ilikuwa bado inaingia ndani ya kila kundi na kuhesabu kichwa kwa kichwa. Mwaka 2025 watengenezaji walituma marekebisho ya kuikomesha hiyo tabia: kundi likishajulikana ni kundi, lichukuliwe zima zima.

Upande wa kumbukumbu ya kadi yenyewe pia umeguswa. Linux 6.12, iliyotoka Novemba 2024, iliruhusu kumbukumbu hiyo kupangwa kwa vipande vya MB 2 au hata GB 1. Kisha 6.15, ya Mei 2025, ikaifanya VFIO itumie ukubwa huo wakati wa kuandikisha. Kadi yenye dirisha la GB 32 ina vipande vya KB 4 zaidi ya milioni nane. Kwa vipande vya GB 1, ni 32 tu. Hakuna kadi mpya iliyonunuliwa hapo. Mtu alikaa chini akaona kazi ya bure, akaiondoa.

Najua utaniambia: "Bana, mimi niko Bulla Iftin, kadi ya GB 32 nimeiona kwa simu tu. Inanihusu nini?" Inakuhusu. Wewe na mimi hatutanunua kadi hizo, tutazikodisha kwa mbali. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa, ama kijana wa Hagadera kule Dadaab, akitaka kufundisha modeli ya akili bandia, atatumia mashine pepe kwenye seva ya mbali, na mara nyingi kadi inapitishwa kwa njia hii hii. Kila dakika seva inahesabu mbuzi ni dakika kadi ya bei ghali imekaa bure. Mwishowe gharama hiyo inamrudia mteja, na mteja asiye na hela ndiye huisikia zaidi.

Si dawa ya kila kitu, tusidanganyane. Kuharakisha kuwaka hakutaongeza kasi ya gemu ukishaingia. Kadi uliyoikabidhi mashine moja haitumiki na nyingine wakati huo huo, isipokuwa kama imeundwa kugawanyika. Ukitenga vipande vikubwa, kumbukumbu hiyo haipatikani kwa kazi nyingine, kwa hivyo mwenye GB 8 ataumia. Na kompyuta isiyo na IOMMU haina ujanja. Ukienda kununua ya mtumba, uliza kwanza kama ina VT-d kwa Intel, ama AMD-Vi kwa AMD.

Lakini msimamo wangu hausongi. Sisi tuko mbali na maduka makubwa, chuma kinatufikia kikiwa kimechakaa. Kasi inayopatikana ndani ya kerneli ndiyo pekee inayofika Garissa siku ile ile inayofika Nairobi au London, na kwa bei ile ile ya sufuri. Tunaipoteza kwa sababu hakuna anayesasisha. Kompyuta zinaletwa kwenye maabara na hotuba ndefu, picha zinapigwa, halafu miaka inapita na mfumo ni ule wa siku ya kwanza. Kabla tuitishe kompyuta kumi mpya, tuitishe kijana mmoja anayelipwa kuzitunza zilizopo.

Na huyo kijana asiishie kusasisha tu. Linus Torvalds alianza Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa miaka 21. Msimbo uko wazi, unausoma bila kuomba ruhusa ya mtu. Sisi tumelelewa na watu wanaotupia kundi la mifugo jicho moja na kujua ni ngapi hawapo. Kweli tushindwe kuifundisha mashine hivyo?

Leo usiku fungua terminali, andika uname -r, uone kerneli yako ni ipi. Ubuntu 24.04 ilitoka na 6.8, Debian 13 ilitoka na 6.12. Kama yako iko nyuma, sasisha kwanza. Baada ya hapo ndio uilaumu mashine.