Kibarua Apewe Barua Yake

Ndugu zangu wa Ifakara, Mlimba na Mang'ula, mchele wetu unasifiwa hadi Dar es Salaam kwa harufu yake. Lakini anayeula hamjui mama aliyeuhangaikia. Mvua zikikolea, mama huyo yumo topeni, ameinama akipandikiza na kupalilia. Mpunga ukibeba, huhamia shambani na watoto wake, mchana akiamia ndege, usiku akiumwa na mbu dunguni. Juni ikifika anavuna, anapura, anapepeta.

Wengi wa mama hao hulima mashamba ya wengine: ni vibarua wa msimu. Hapo ndipo dhuluma inapopenyea, kwa kuwa kazi hupatanwa kwa mdomo tu. Siku ya malipo anaambiwa ekari haikutimia, au asubiri mpunga upande bei. Akidai, hana cha kuonyesha.

Tulitazame neno tunalomwitia. Kibarua ni barua ndogo. Zamani mfanyakazi wa kutwa alipewa kikaratasi, nacho ndicho alichodaia ujira wake. Jina likamganda mtu, karatasi ikapotea.

Mwenye shamba atasema hana fedha mpaka auze. Ni kweli, lakini kuandika hakungoji mauzo. Ukurasa wa daftari watosha: jina, eneo, kazi, ujira, siku ya kulipa, na shahidi mmoja. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi huyo. Malipo yakiwa mpunga, kipimo kiandikwe, na debe lifutwe sawa mdomoni. Karatasi hiyo itamlinda hata mwenye shamba, asidaiwe zaidi ya mapatano.

Ibara ya 23 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 nayo inamtambua mfanyakazi wa msimu. Tena msikitini na kanisani tumefundishwa kwamba kumzuilia kibarua ujira wake ni dhambi.

Basi akina mama, msishike jembe kabla ya kuandikiana, nanyi mpatane kwa kundi, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Wenyeviti wa vitongoji, kuweni mashahidi. Nanyi mnaovuna kokoa Mbingu na ndizi Mang'ula, neno hili ni lenu pia.

Mvua za kwanza zitakapoanguka na mashamba kuanza kutafuta mikono, zitukute tumekwisha kununua madaftari.