Binti Anapiga Kelele, Nyie Mnapiga Picha

JICHO LA PEMBENI
Na Mwanaidi Shekue

Jumanne wiki hii nilikuwa Roma, kwenye jumba la Galleria Borghese, bila mkoba wangu. Ndiyo, ule ule. Mlangoni hawaruhusu mikoba. Kijana wa mapokezi aliupokea kwa mikono miwili, akaupima uzito, akanitazama. Sikumweleza kitu. Wasomaji wangu mnajua kilichomo, na ibaki kwetu.

Humo watu huingia kwa zamu ya masaa mawili, kisha wanatolewa. Zamu yangu karibu yote iliishia chumba kimoja, kwa hasira.

Katikati ya chumba hicho yupo Apollo akimkimbiza Daphne, marumaru tupu, kazi ya Bernini aliyoianza mwaka 1622 akiwa na miaka 23 na kuimaliza 1625, kwa fedha za Kadinali Scipione Borghese. Basi kijana mmoja mgeni, shati limenyooshwa vizuri, akangoja watu wapungue, akapiga goti chini ya sanamu, akatoa kiboksi mfukoni. Mwenzake akaziba mdomo kwa viganja, akakubali. Makofi. Mtembeza wageni aliyekuwa pembeni na kundi lake akatangaza kwamba mahali penyewe hasa ndipo hapa, maana hawa wa juu ni wapenzi mashuhuri.

Wapenzi! Hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Kosa la kijana lilikuwa kupiga goti mgongoni mwa Apollo. Kutoka huko unamwona mwanamume mzuri anakimbia, shuka linapepea, basi. Sanamu hii inataka uizunguke. Sogea hatua tatu: nywele za binti zinaanza kuwa majani. (Majani hayo wanasema ni mkono wa msaidizi, Giuliano Finelli. Hamjawahi kumsikia? Mnaona.) Sogea tena: vidole vya mikono vimechipua, vya miguu vinatoa mizizi. Fika mbele sasa. Mdomo umeachama, na si kwa busu. Anapiga kelele. Mkono wa Apollo uliokuwa ukisaka kiuno umeshika gome. Bernini amelipandisha hapo hapo, katikati ya kiganja na ngozi.

Kisa ni cha mshairi Ovid. Apollo alimdharau Cupid, kitoto chenye upinde, naye akalipiza kwa mishale miwili: wa dhahabu ukamchoma Apollo apende, wa risasi ukamchoma Daphne achukie. Binti akakimbia hadi pumzi zikamwishia, akamwomba baba yake, mungu wa mto, amwondolee umbo lililomponza. Akawa mti wa mlaureli. Na Apollo? Akasema basi utakuwa mti wangu, akayafanya majani yake taji. Kama huyo ni mpenzi, basi na mwizi ni mteja.

Hapo chini ya sanamu kuna maneno ya Kilatini ya Maffeo Barberini, aliyekuja kuwa Papa Urban VIII, yakimwonya anayefukuzia raha kwamba ataambulia majani. Yaani hata onyo linamhurumia aliyekosa.

Chumba kingine yuko Proserpina, binti anayetekwa na Pluto, mungu wa kuzimu, kazi ya Bernini huyo huyo. Vidole vya Pluto vimezama pajani mwake kama kwenye unga uliokandwa, na chozi liko shavuni. Hapo nako niliwakuta wawili wamekumbatiana wanapigwa picha. Ningekuwa na mkoba wangu!

Mnataka wapenzi waliofikwa kweli? Nendeni Frankfurt, makumbusho ya Städel, mkamwone Thisbe aliyechorwa na Poussin mwaka 1651. Radi inapiga, miti imeinama, naye mikono wazi anamkimbilia Pyramus wake aliyelala amekufa. Thisbe anakimbilia, Daphne anakimbia. Silabi moja tu, li, ndiyo inayotenganisha harusi na jinai, na mtembeza wageni mwenye beji shingoni haioni.

Najua ujumbe utakaoingia kesho: Bi Mwanaidi hajui kufurahi, sanaa ni sanaa, na aliyechonga kilio kile lazima aliwaelewa wanawake.

Aliwaelewa? Mwaka 1638 Bernini aligundua kwamba Costanza, mke wa msaidizi wake mmoja na hawara yake mwenyewe, anatembea pia na ndugu wa Bernini, Luigi. Akampiga Luigi kwa chuma, akamkimbiza na upanga hadi ndani ya kanisa la Santa Maria Maggiore. Kwa Costanza hakwenda mwenyewe. Alimtuma mtumishi na wembe, akamchana uso. Bernini akatozwa faini ya scudi 3,000, Papa Urban, yule yule wa Kilatini, akamsamehe, na mwaka uliofuata akaoa. Costanza akafungiwa kwa uzinzi katika nyumba ya wanawake waliohesabiwa kuwa wamepotoka.

Kabla ya wembe, Bernini alikuwa amekwisha kumchonga. Sanamu yake iko Florence, makumbusho ya Bargello. Mdomo wake nao uko wazi kidogo.