Anayetaka noti anajua hesabu

BARAZANI na Salma Makame Haji

Karibu na Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait, hapa Chukwani, wanafunzi wananunua urojo na muhogo kila jioni. Wengi wana simu zinazoweza kulipa karibu kila kitu. Hata hivyo, ikifika zamu ya kulipa, wanachomoa noti, na muuzaji anaipokea kwa uso mkunjufu zaidi kuliko ambavyo angepokea ujumbe wa simu. Katika semina na matangazo ya siku hizi watu hawa wanaelezwa kwa neno moja tu: hawajaelimika. Maelezo hayo nayakataa kabisa. Wanafunzi wana elimu. Na muuza muhogo, ambaye pengine hajamaliza skuli, anajua hesabu ya biashara yake kuliko aliyeandika tangazo.

Chukua noti ya shilingi 10,000. Mvuvi anaipokea kwa mchuuzi dikoni, anampa mwenye duka kwa mchele na mafuta, mwenye duka anamlipa kibarua, kibarua anapanda nayo gari kwenda Darajani. Imepita mikono minne na bado ni 10,000. Fedha hiyo ikipita kwenye simu, kila anayetaka kuitoa anaacha kidogo kwa wakala na kampuni. Ndiyo maana Watanzania wote wanaijua sentensi hii: "Nitumie na ya kutolea." Anayeomba hivyo ameshapiga hesabu kwamba fedha ya simuni haitimii mpaka iongezwe. Mwenye mshahara wa milioni mbili hayaoni makato hayo. Mwenye faida ya shilingi elfu tatu kwa siku anayaona kabla hajafika nyumbani.

Na hayasahau. Tarehe 15 Julai 2021 serikali ya Muungano ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni. Watu walilalamika nchi nzima, na Septemba ya mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Imepunguzwa tena baadaye, na nashukuru. Lakini mfanyabiashara mdogo alishajifunza kwamba fedha aliyoiweka simuni inaweza kukatwa ghafla kwa kanuni ambayo hakuwahi kuiona. Waliorudi kwenye noti mwaka ule walikuwa na sababu, na sababu hiyo haiondolewi kwa bango la rangi.

Kadi nazo zina mambo yake. Mji Mkongwe, mgeni akitoa kadi kwenye baadhi ya maduka na hoteli anaambiwa kuna asilimia ya kuongeza. Mwenye duka anamtupia mteja gharama anayokatwa na benki, na mteja anakwenda kutafuta mashine ya kutolea fedha, ambako anakatwa tena. Kwa mwenyeji wa Chukwani hadithi ni fupi zaidi: duka la mtaani halina hiyo mashine ya kadi, basi.

Halafu kuna umeme. Waya unaoleta umeme Unguja unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni na kutokea Fumba, kusini kidogo ya hapa tulipo. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 umeme ulikatika tena, ukarudi Machi 2010. Waya mpya uliowekwa mwaka 2013 umetupa nafuu kubwa. Aliyeishi miezi ile mitatu, hata hivyo, anajua maisha ya kisiwa yanavyoning'inia kwenye kitu kimoja. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi, ikawa zamu ya intaneti, iliyozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye noti kibindoni alinunua mkate.

Wala si sisi peke yetu. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulizimika Uhispania na Ureno, na watu waliozoea kadi tangu utotoni wakawa wanahangaika kutafuta sarafu. Sweden, ambako noti zilikuwa karibu kutoweka madukani, serikali sasa inawashauri wananchi waweke fedha taslimu nyumbani kwa ajili ya siku ya dharura. Norway, tangu Oktoba 2024, sheria imetia nguvu haki ya mteja kulipa kwa fedha taslimu dukani. Nchi hizo haziwezi kuambiwa hazikuelimika.

Hata zamani ilikuwa hivyo: Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, aliyejenga kasri hapa Chukwani, alitoa sarafu zake mwenyewe mwaka 1882. Pesa ya shaba ilichorwa mizani. Mizani hiyo inanisemesha, kwa sababu inaonyesha mnunuzi na muuzaji wakimalizana palepale, na hakuna wa tatu anayekula katikati.

Yapo pia malipo ambayo biashara haihusiki nayo. Sikukuu ya Idi watoto wanakwenda nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idi. Wazee wanatafuta noti mpya mapema na kuzikunja moja moja. Mtoto anaihesabu njiani, anaificha, anaitoa tena kuitazama, kisha anaipeleka kiwanja cha sikukuu akanunue anachotaka mwenyewe. Ubani wa msiba unatiwa mkononi kimya kimya, bila jina wala kiasi kuonekana kwenye simu ya mtu. Mama anayecheza upatu na wenzake ana akiba ambayo mume hawezi kuisoma kwenye ujumbe. Siri ya namna hiyo ni heshima, na mtu ana haki ya kuitunza.

Noti nayo ina madhara yake. Inaibwa, inaungua, inaliwa na mchwa. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 zibadilishwe kati ya Januari 6 na Aprili 5, 2025, aliyesahau kitita sandukuni alikuwa kwenye hatari ya kubaki na makaratasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali iliyopotea hivyo kama mapato ya umma yaliyokuwa yakipokewa dirishani. Kwa hiyo naunga mkono malipo ya serikali kupita kwenye namba maalumu. Huko simu na benki zinamlinda mwananchi.

Lakini atakayetaka watu wapende malipo ya simu na kadi aanze na bei. Bara, bajeti ya 2025/26 imeshusha VAT kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa benki au kielektroniki. Angalau huko wamemvuta mtu kwa nafuu, hawakumkemea. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo inaishia kwenye maduka yaliyosajiliwa. Muuza urojo na mteja wake hawamo. Wao wanahitaji muamala mdogo usiokatwa chochote, wakati wa kutuma na wakati wa kutoa.

Sarafu ni jambo la Muungano, na Baraza la Wawakilishi linalokaa hapahapa Chukwani haliwezi kuitungia sheria. Linaweza, hata hivyo, kuziuliza wizara za Zanzibar ni huduma zipi ambazo mwananchi mwenye noti tu anarudishwa mlangoni, na kutaka kila hospitali, skuli na ofisi ya shehia inayotoa namba ya malipo iwe na mahali pa kulipia kwa noti, na makato yake yalipwe na serikali. Wawakilishi waulize katika kikao kijacho.