Macho ya kungu si maradhi, kope inayoziba kuona ndiyo maradhi



Wiki chache kabla ya harusi ya mdogo wangu nilinunua pakiti ya utepe wa kope. Ni vijipande vyembamba vya plasta, unavibandika juu ya jicho ili ngozi ya kope ijikunje kwa ndani na jicho lionekane limefunguka. Mimi kope zangu ni nzito tangu utotoni. Sikuwahi kuona tatizo mpaka nilipoanza kujitizama kila siku kwenye kamera ya simu, nikasema, jamani, mbona kama mtu aliyeamshwa usingizini?

Nilipokuwa mbele ya kioo nabandika, mama alikuwa kibarazani anasoma Msahafu. Kidole kimoja amekiweka chini ya nyusi, anainyanyua kope ili auone mstari. Anasoma aya mbili tatu, mkono unachoka, anaushusha, anapumzika, kisha anaanza tena. Nimemuona hivyo kwa miaka na sikuwahi kumuuliza. Siku ile nikamuuliza.

"Mama, kwani huoni vizuri?"

"Naona, mwanangu. Ila hizi kope zimeshakuwa nzito. Si uzee huo."

Niliona haya, wallahi. Mimi nisiyeumwa nimetoa pesa. Yeye ambaye kope inamkatisha kusoma tumemwacha na neno moja tu: uzee.

Na si nyumbani kwetu peke yake. Sisi wanawake tumeligeuza jambo hili juu chini. Msichana mwenye macho mazima anahangaishwa na utepe, gundi na sindano. Bibi ambaye kope imemfunika nusu ya jicho anaambiwa asubiri, ashukuru, umri umekwenda. Asiyehitaji matibabu anayatafuta, anayeyahitaji hayapati.

Tuanze na sisi wa kamera. Wazee wetu walikuwa na jina la macho haya: macho ya kungu. Maana yake ni macho yaliyolegea, kama ya mtu aliyekula kungumanga akashikwa na usingizi. Lilikuwa neno la kumsifu mwanamke. Leo jicho lile lile tunaliita kasoro kwa sababu simu imeshikwa karibu na uso na taa imewekwa vibaya. Umbo halikubadilika, kilichobadilika ni kioo.

Sasa tutenganishe mambo, maana watu huyachanganya. Kuna kope nzito za kuzaliwa, hizo ni sura yako. Kuna uvimbe wa asubuhi, unaotokana na kulala vibaya, chumvi nyingi, kulia au mzio. Kitambaa cha maji baridi husaidia. Kuna ngozi ya kope iliyolegea kwa umri ikaning'inia juu ya kope za nywele. Na kuna msuli unaonyanyua kope kuwa dhaifu au kuachia, hapo ukingo wenyewe wa kope hushuka ukakaribia mboni. Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayoweza kuziba kuona, na kila moja lina tiba yake.

Nayo matibabu nayaeleza kama nilivyoyaelewa baada ya kuuliza na kusoma.

Utepe na gundi hufanya kazi vikiwa vimebandikwa tu. Ukivitumia kila siku ngozi huwasha na huvutika. Tena kuna jambo tunalisahau: kope ni sehemu ya uso katika udhu. Kilichobandikwa kikizuia maji kufika kwenye ngozi, kitoe kabla ya kutawadha.

Krimu hulainisha na huenda zikapunguza uvimbe kidogo. Hakuna krimu inayonyanyua msuli wala kukata ngozi iliyozidi. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakuuzia chupa.

Sindano ya Botox hulegeza misuli inayovuta nyusi chini, basi nyusi ikapanda kidogo. Hudumu miezi mitatu au minne, halafu unarudi kulipa tena. Dawa ikipenya kwenye msuli wa kope, kope ndiyo inayoanguka, na utakaa hivyo kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana si kazi ya kufanyiwa saluni wala chumbani kwa shoga yako.

Kuna pia matone ya macho yenye oksimetazolini, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa kope iliyoshuka ukubwani. Hunyanyua kope kwa saa kadhaa. Hayasaidii ngozi iliyozidi, na mwenye presha au maradhi ya moyo lazima amwambie daktari kwanza. Nakuombeni sana: dawa hii ina jamaa yake ndani ya matone ya pua. Msichukue matone ya pua mkayatia machoni.

Mwisho ni upasuaji. Kama tatizo ni ngozi, daktari huipunguza iliyozidi na kushona kwenye mkunjo wa kope, kovu lisionekane sana. Kama ni msuli, huukaza. Mara nyingi hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, na anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Uvimbe na weusi huchukua wiki moja au mbili. Hatari zipo: kutoka damu, kuingia vijidudu, jicho kukauka, macho kutolingana, kope kushindwa kufunga vizuri, na kwa nadra sana kupoteza uoni. Kwa hiyo hufanywi na mtu yeyote ila daktari wa macho au wa upasuaji wa sura aliyesomea kazi hiyo.

Najua swali linalofuata. Na dini inasemaje?

Sote tunaijua hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim inayowalaani wanaochanja ngozi, wanaong'oa nyusi na wanaotenganisha meno kwa ajili ya uzuri, wakabadilisha maumbile ya Allah. Lakini tuijue na ile ya sahaba Arfaja, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Alipoteza pua vitani, akatengeneza pua ya fedha, ikatoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamuamrisha atumie ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Mwaka 2007 wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu walikutana Putrajaya, Malaysia, wakalizungumza hili la upasuaji wa sura. Waliruhusu kurekebisha aibu ya kuzaliwa au iliyoletwa na maradhi na ajali, na kurudisha kiungo kwenye kazi yake. Walikataza kubadilisha umbo lililo sawa kwa kufuata mtindo, na walikataza kuondoa mikunjo ya ngozi kwa upasuaji au sindano isipokuwa pale inapokuwa ni maradhi na hakuna madhara.

Mimi si mwanachuoni, na la kwako muulize sheikh unayemuamini. Ila naona mpaka uko wazi. Kope iliyoumbwa kwa ajili ya kulinda jicho ikawa inalifunga, kuinyanyua si kupingana na Muumba. Ni kulirudisha jicho kwenye kazi aliyolipa.

Kuna dada ataniambia, "Mbona kujipamba hakukatazwi, na mume wangu anapenda?" Kweli, na wanja wetu upo. Simhukumu aliyechoka kujitizama akaona huzuni, huzuni nayo ni mzigo. Namuomba tu ajiulize kwanza: ninachotaka kukikata ni kope, au ni maneno ya watu? Maneno ya watu hayakatwi kwa kisu. Watahamia puani.

Basi kuhusu mama. Tulimpeleka kwa daktari wa macho. Alimpima anavyoona juu na pembeni, kisha akazinyanyua kope kwa plasta na kumpima tena. Tofauti ilikuwa kubwa. Mama alisema, "Kumbe lile dirisha liko juu vile?" Nilitoka nje nikalia. Amefanyiwa jicho moja, la pili linafuata inshallah. Msahafu anaushika kwa mikono miwili.

Kwa hiyo leo, ukifika nyumbani, mtizame mama yako na bibi yako. Anainua kidevu anapokutazama? Nyusi zimepanda juu na paji limejaa mikunjo kwa kulazimisha macho yafunguke? Anajikwaa, anagonga kichwa kwenye kabati lililofunguliwa? Mpeleke akapimwe.

Mtizame na mtoto. Aliyezaliwa na kope iliyoshuka ikafunika mboni apelekwe mapema, asingojewe akue. Jicho lisilopata mwanga utotoni, ubongo haujifunzi kulitumia, na baadaye hata ukiinyanyua kope uoni haurudi wote. Msimkalishe nyumbani mkisema ni jicho la watu. Kisomo msomeeni, na spitali mpelekeni.

Na kama kope imeanguka ghafla, pamoja na kichwa kuuma sana, kuona vitu viwili viwili, mboni moja kuwa kubwa, mdomo kwenda upande au mkono kulegea, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Ikiwa hushuka zaidi kila jioni na asubuhi inakuwa afadhali, pia mwambie daktari, huenda misuli yenyewe ina maradhi.

Utepe wangu bado uko kwenye droo, vimebaki vipande vingi. Harusini nilikwenda na macho yangu ya kungu na wanja. Mama alikaa mstari wa mbele akamuona bwana harusi anavyoingia, bila ya kuinua kidevu.

Allah awape shifaa mama zetu, na atupe sisi macho ya kuwaona. Amin.