Mikataba ya Chuo Kikuu cha Juba Imfae na Mfanyakazi

Ndugu wafanyakazi, mara kwa mara tunasikia kwamba Chuo Kikuu cha Juba kimetia saini mkataba na chuo fulani cha ng'ambo. Wakubwa hupeana mikono, picha hupigwa, na kesho yake habari imekwisha. Wengi wetu tulioko viwandani na mashambani huziacha habari hizo zipite, tukidhani ni mambo ya wasomi. Tunasema hapana, ni mambo yetu. Chuo cha umma huendeshwa kwa mali ya umma, na mali ya umma ni jasho la mkulima na mfanyakazi. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza kilichonunuliwa.

Ieleweke kwamba hatupingi ushirikiano. Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1975, baada ya Mapatano ya Addis Ababa ya 1972, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1977. Tangu mwanzo kilikusudiwa kutatua shida za wananchi, ndiyo maana kilianza na masomo kama ya mali ya asili, ualimu na elimu ya watu wazima. Mwaka 1989 vita vilikifukuza hadi Khartoum, na kwa miaka zaidi ya ishirini makao yake yalikuwa ugenini. Chuo kilichopita katika misukosuko hiyo kinahitaji marafiki. Lakini kushikwa mkono ni jambo moja, na kuongozwa kama kipofu ni jambo jingine.

Wafanyakazi wa nchi hii wanalo somo la zamani. Mwaka 1943 mtaalamu wa kilimo wa Kiingereza, Dkt. J. D. Tothill, aliandika mpango wa kuwalimisha Wazande pamba na kujenga viwanda huko huko kwao. Mpango ukatekelezwa, na Nzara ikapata kiwanda cha nguo. Utaalamu ulikuwapo, na mitambo ilikuwapo. Lakini wakulima walihamishwa wakapangwa kandokando ya barabara, pamba ikawa ya kulazimishwa, na uamuzi wote ukabaki mikononi mwa watu wengine. Mwezi wa Julai 1955 wafanyakazi wapatao 300 waliachishwa kazi Nzara. Wenzao walipoandamana walipigwa risasi, na baadhi yao wakafa. Mwezi uliofuata askari wa Torit wakaasi. Tunakumbusha hayo kwa sababu moja: utaalamu unaomwona mwananchi kuwa mikono tu, usimhesabu kuwa na kichwa, mwisho wake ni huo.

Kwa hiyo basi, kila mkataba wa Chuo tuupime kwa maswali matatu.

Swali la kwanza: ujuzi unabaki wapi? Mgeni akileta mashine ya maabara bila kumfundisha fundi wa hapa kuitengeneza, ametuletea chuma chakavu cha kesho. Mtafiti akija kupima misaji ya Equatoria, akaondoka na vipimo vyake vyote, sisi tuliomfyekea njia tumebaki na nini? Sisi wa viwandani tunaijua hali hiyo. Mashine iliyoharibika hungojea mtu wa ng'ambo, na muda wote huo mfanyakazi hukaa nyumbani bila posho.

Swali la pili: mwalimu anaishije? Mwezi wa Februari 2024 bomba linalopitisha mafuta yetu katika ardhi ya Sudan lilipasuka. Hazina ikakauka, na watumishi wa Serikali wakakaa miezi mingi bila mshahara. Mwalimu mwenye njaa akipelekwa kusoma ng'ambo, tusishangae asiporudi. Na akirudi, mashirika ya kigeni yanamngojea mlangoni. Hapo ushirikiano umegeuka daraja la kuwatorosha wataalamu wetu. Hatumlaumu mwalimu, kwani naye ni mfanyakazi mwenzetu mwenye watoto. Tunalaumu mkataba unaohesabu tiketi za ndege na kusahau mshahara wa anayebaki darasani.

Swali la tatu: rafiki akiondoka, kinabaki nini? Baada ya uhuru wa 2011, Virginia Tech ya Marekani ilishirikiana na Juba katika elimu ya kilimo, kwa fedha za USAID. Desemba 2013 vita vikalipuka Juba kwenyewe. Na mwaka 2025 Serikali ya Marekani ikalifunga hilo shirika la USAID. Jambo linalotegemea mfuko wa mtu mmoja halina mizizi.

Wako watakaotuambia kwamba mwombaji hachagui. Juba si mwombaji. Anayetaka kujua habari za Nile na mabwawa ya Sudd, za misitu yetu na lugha zetu, hana budi kuja hapa, akasaidiwe na watu wa hapa. Hiyo ndiyo nguvu ya Chuo mezani, kama vile kazi ya mikono yetu ilivyo nguvu yetu mbele ya mwajiri. Hakuna chama cha wafanyakazi chenye akili timamu kinachotia saini mkataba wa hali bora kabla wanachama hawajausoma. Kwa nini mikataba ya Chuo iwe siri?

Tena tusisahau jirani. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Sudan Kusini iliingia katika Jumuiya mwaka 2016, na mwaka 2017 wakuu wa nchi wakatangaza kwamba Jumuiya yote ni eneo moja la elimu ya juu. Maneno hayo ni mazuri. Kwa mfanyakazi yatakuwa na maana siku mtoto wake atakapokwenda kusoma Kampala akatozwa karo ya mwenyeji, na cheti cha Juba kikakubaliwa Nairobi bila maswali. Vita vikizuka, jirani hana ndege ya kupanda akatuacha. Tutabaki naye.

Tunataka basi mambo manne. Mikataba yote ya Chuo ibandikwe mahali pa wazi, wafanyakazi na wanafunzi waisome. Wafanyakazi wa Chuo, walimu na wasio walimu, wawe na sauti wakati wa kuijadili. Kila mkataba utaje mafundi watakaofundishwa na vifaa vitakavyobaki. Na mishahara ilipwe kwa wakati, maana chuo ambacho mwalimu wake hajala hakiwezi kushirikiana na yeyote kama mtu na mwenzake.

Chuo ni chetu. Tukinyamaza, wengine watakipangia kazi, kama walivyoipangia Nzara.