Pikipiki ya Msafiri: Iuzwe au Iwekwe?

Ni mara nyingi hujiwa na vijana wanaojiandaa kwenda kufanya kazi Muscat, Doha au Dubai. Viza imekwisha kutoka, siku zinahesabika, na nyumbani limebaki jambo moja ambalo familia haijalikubaliana: pikipiki iuzwe, au iwekwe imsubiri mwenyewe? Mama husema isiuzwe, kwani imenunuliwa kwa jasho la mwanawe. Mke husema iuzwe, nyumba ipate akiba ya kuanzia. Mdogo wake hasemi neno, lakini macho yake hayabanduki kwenye ufunguo.

Kabla ya kutoa rai yoyote, sisi humwuliza kijana huyo swali lifuatalo: utakapokwisha kupanda ndege, pikipiki hii itakuwa na jina gani? Itakuwa amana, azima, biashara au hiba? Wengi hawana jibu. Husema tu, "Nimemwachia kaka." Na humo katika "nimemwachia" ndimo unamozaliwa ugomvi wa miaka, kwa sababu aliyeacha alikusudia amana, naye aliyeachiwa alifahamu kwamba amepewa.

Sheria yetu imeyatenganisha mambo haya kwa uwazi. Anayewekewa amana hulinda tu wala hatumii. Kitu kikiharibika pasi na uzembe wake, hadaiwi fidia. Lakini akiitumia pikipiki bila idhini, amevuka mpaka, na dhamana inakuwa juu yake. Anayeazimwa anaruhusiwa kutumia; na kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kikipotea au kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, hulipa. Kuchakaa kwa matumizi ya kawaida hakumlazimu kitu. Aliyepewa hiba na akaipokea, chombo ni chake, wala ndugu aliyerudi safarini hana haki ya kukidai. Basi utaona kwamba pikipiki ile ile, ikianguka shimoni siku ile ile, huleta hukumu mbalimbali kulingana na neno lililosemwa siku ya kuaga.

Sasa tuangalie hali ya chombo chenyewe. Mikataba mingi ya kazi za Ghuba ni ya miaka 2. Pikipiki iliyofungiwa chumbani muda huo haibaki kama ilivyoachwa. Petroli huchacha ndani ya miezi michache na kuacha utando unaoziba kabureta, betri hufa, matairi yaliyobeba uzito mahali pamoja hupasuka, na hewa ya chumvi ya Tanga, Mtwara au Unguja hula cheni na tangi. Anayetaka kuihifadhi hana budi kumwaga mafuta yote katika tangi na kabureta, kuondoa betri, kuipaka cheni grisi, kuinyanyua ili magurudumu yasiguse sakafu, na kuifunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Hata akiyafanya yote hayo, bei yake itaendelea kushuka mwaka hadi mwaka. Zaidi ya hayo, gharama za kuitunza amana ni za mwenye mali. Si uadilifu kumtwika mzee wako kazi ya kulinda chombo, kisha akitengeneze kwa fedha zake.

Wapo wanaoiacha ifanye kazi ya bodaboda na kuleta hesabu kila siku au kila wiki. Hilo ni jema, iwapo imeandikwa hesabu ni kiasi gani, nani atalipa bima na matengenezo, na fedha atapokea nani. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imetufundisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, nasi hatuoni kwa nini undugu uwe sababu ya kuyaacha mafundisho hayo. Kuandikiana baina ya ndugu hakuvunji udugu, huulinda.

Kwa mwenye kuuza, yako mambo matatu. Kwanza, kama ilinunuliwa kwa mkopo au kwa mkataba ambao haujamalizika, haki ya mdai itangulie. Pili, amweleze mnunuzi kasoro anazozijua, hata kama bei itapungua. Tatu, asiondoke kabla umiliki haujahamishwa TRA. Kumkabidhi mtu kadi mkononi hakutoshi, kwani jina lililomo ndilo litakalotafutwa pikipiki hiyo ikigonga mtu au ikikamatwa katika uhalifu, naye mwenye jina yuko mbali asiweze kujieleza.

Rai yetu ni hii. Ikiwa nyumbani hakuna mwenye haja nayo ya kila siku, na safari ni ya miaka, iuzwe. Fedha zake zilipe madeni kwanza, kisha zimwachie mke na watoto matumizi ya miezi ya mwanzo, kabla mshahara wa ugenini haujaanza kufika. Ikiwa yupo anayeihitaji, kwa mfano baba anayekwenda shambani au ndugu anayempeleka mama hospitali, basi iachwe kwa jina la azima au la hiba, na jina hilo litamkwe mbele ya watu wa nyumbani. Na kama hofu ni kwamba kazi huenda isimkubali akarudi mapema, iwekwe amana kwa miezi 3, naye aache hati ya uwakala inayomruhusu mtu mwaminifu kuiuza baada ya tarehe iliyotajwa.

Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, akiwa anaandamwa na wanaotaka kumuua, alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (r.a.) azirejeshe amana za watu kwa wenyewe. Msafiri wa leo mwenye tiketi mkononi na wiki mbili za kujiandaa ana nafasi kubwa zaidi. Basi na aitumie, awaketishe mama, mke na mdogo wake pamoja, aseme wazi, aandike, kisha aage kwa amani.

Wallahu a'lam.