Soja wa Chuo Ndiye wa Kwanza Kuambiwa



Leo tuongee kuhusu kazi moja ambayo hapa Tena na Umoja mzazi akiisikia anakunja uso: usoja wa chuo. "Mwanangu amesoma mpaka diploma, halafu akasimame getini?" Mimi nasema ndiyo, asimame. Lakini awe amefunzwa la kufanya msichana akimjia saa nane usiku na kumwambia amebakwa.

Hebu fikiria. Saa hiyo ofisi ya mkuu wa wanafunzi imefungwa. Mamake yuko Garsen ama Mandera. Aliye macho ni soja. Soja akianza na "kwani ulikuwa unatoka wapi saa hii?", msichana atarudi chumbani, ataoga, na hutasikia hiyo maneno tena. Kesi imeisha kabla haijaanza.

Kuna mambo ambayo soja lazima ayajue. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinafaa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndio bora. Asioge kwanza. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya kaki, si juala, manake unyevu huharibu ushahidi. Anaweza kwenda hospitali kwanza kabla ya polisi. Sisi wa huku tuna Mama Lucy karibu. Huko daktari anajaza fomu ya PRC, na ile P3 ya polisi inafuata. Nambari 1195 ni ya bure, usiku na mchana. Haya si masomo ya miaka minne. Ni mafunzo ya siku chache tu, na yanaweza kuokoa maisha ya mtu.

Shida ni kwamba ulinzi wa vyuo vyetu umejengwa kumwangalia anayeingia. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, geti ziliongezwa nguvu, na ilikuwa lazima. Lakini anayembaka mwanafunzi mara nyingi ni mtu anayemjua, tena ana kitambulisho cha chuo. Mashini ya kukagua chuma haimuoni. Marekani, tangu 1990, sheria inayoitwa Clery inavilazimu vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu kutangaza kila mwaka takwimu za uhalifu, ubakaji ukiwemo. Ilipewa jina la Jeanne Clery, mwanafunzi aliyebakwa na kuuawa katika hosteli ya chuo chake mwaka wa 1986. Sisi huku tunategemea uvumi wa WhatsApp.

Najua wengine mtasema: "Sisi na watu wa yunifomu wapi na wapi?" Ni haki yenu kuuliza. Operesheni ya Usalama Watch ya 2014 hatujaisahau, watu wetu walivyosombwa Eastleigh na kufungiwa uwanja wa Kasarani. Kijana wa kanzu anajua kukaguliwa mara mbili ni nini. Lakini tukiikimbia kazi ya ulinzi kabisa, nani atabaki getini dada yetu wa buibui akija akilia? Tuendelee kudai haki tukiwa nje, na wengine wetu tuingie ndani.

Na tusidhani mafunzo ni hisani ya mwajiri. Mwaka wa 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi kushindwa kuchunguza ipasavyo kesi za wasichana walionajisiwa ni kuvunja haki zao za kikatiba. Mwaka huo huo, Busia, washukiwa wa kumbaka msichana aliyejulikana kama Liz walipewa adhabu ya kukata nyasi na kuachiliwa. Ni watu waliopiga kelele, ndani na nje ya nchi, hadi 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Anayempokea mwathiriwa bila kufunzwa anamuumiza mara ya pili.

Sasa upande wetu. Tuna tabia ya kuita wazee, kufanya maslaha, mtu analipa, mambo yanafunikwa. Tunasema ni sitara. Sitara ni ya kulinda heshima ya aliyeumizwa, si ya kumficha aliyeumiza. Na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 40, ilimwachia Mwanasheria Mkuu uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi. Haikutaja mzee wa mtaa, imamu wala mkuu wa wanafunzi. Kwa hivyo kazi ya soja aliyefunzwa ni kusikiliza, kutunza siri na kumfikisha hospitali. Si kupatanisha, wala kuchunguza kama yeye ni polisi.

Kwa hivyo naomba matatu. Dada zetu, ombeni hizi kazi. Msichana wengi humwambia mwanamke mwenzao kwa urahisi zaidi, na zamu ya usiku isiyo na mwanamke ni pengo. Viongozi wa wanafunzi Waislamu, ulizeni chuo chenu swali moja kwa barua: masoja wetu wamefunzwa kushughulikia ubakaji, na ni lini mara ya mwisho? Kama wameajiriwa kupitia kampuni, swali ni lile lile, iwekwe kwenye mkataba. Na wazazi wa Tena, mtoto akisema anataka kusomea mambo ya usalama, msimcheke.

Muhula ukianza, hiyo barua iwe imefika. Ukiipeleka, tuandikie hapa majibu waliyokupa, na jina la manusura yeyote usilitaje.

Wabillahi tawfiq.